Wito wa Mchana

Mtu akikwambia Ferista ni mpole, mwambie kwanza akae naye msimu mmoja wa kuvuna viazi. Lakini akikwambia Ferista hana subira, huyo anamsingizia. Mwanamke huyu alimwita mumewe mchana baada ya mchana, zaidi ya mwezi mzima, bila kuitikiwa, wala hakumwambia mtu. Alirudi jikoni, akafunika sufuria, akajisemea, "Kesho ataitika." Kesho ilipofika, mambo yakawa yale yale.

Nyumba yao iko juu ya mgongo mmoja wa vilima vya Ibaba, na shamba lao la viazi liko mgongo wa pili, ng'ambo ya bonde. Kwa macho ni hapo tu. Unaweza kumwona mtu akivua kofia na kujikuna. Kwa miguu ni habari nyingine. Unashuka mpaka mtoni, unapanda tena, na hata ukiwa kijana utapumzika mara mbili ukisingizia kufunga kamba za viatu.

Kwa sababu hiyo watu wa bonde lile walikuwa na desturi yao. Jua likifika utosini, mwenye mtu wake ng'ambo anasimama ukingoni mwa uwanja na kuita. Aliye ng'ambo anaitika, "Eeee!" Basi, imekwisha. Hakuna habari nyingine inayopelekwa. Wito maana yake ni: bado upo? Na mwitiko maana yake ni: nipo, shoka halijanikata, nyoka hajanigonga, endelea na kazi zako. Na kama wito haukuitikiwa, yeyote aliye katikati akausikia ni lazima aupokee, auite upya kwa sauti yake mpaka ufike. Kusikia wito wa jirani umeangukia patupu na wewe ukanyamaza, hilo lilihesabika kuwa kosa zito kuliko kumnyima chumvi.

Usiulize simu. Simu wanazo. Mtandao wa bonde lile unapatikana juu ya jiwe moja nyuma ya kanisa, na simu ya mumewe Ferista inakaa kabatini, imefungwa kwenye leso isiingie udongo.

Mume huyo jina lake Lwitiko. Nyumbani Ferista alimwita Baba Goodness, kama inavyompasa mwanamke mwenye adabu. Lakini jina la Goodness haliendi mbali. Mwanzo wake unasikika, mwisho wake unapotelea njiani, na watu wa bondeni hubaki wakijiuliza ni baba wa nani. Kwa hiyo mchana, mara moja tu kwa siku, Ferista aliliacha lile jina la heshima na kuliita jina lenyewe, akilivuta mpaka pumzi iishe: "Lwitikooo!" Kwa miaka thelathini na minane hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake pekee ya kumwita mumewe kama msichana anavyomwita mvulana anayempenda. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba aliipenda saa hiyo kuliko saa zote za siku.

Na jina lenyewe ndilo lililomchoma. Katika lugha ya kwao Lwitiko ni imani, na kuamini na kuitika ni neno moja. Ukiitwa ukaitika, umeamini. Siku ya harusi yao mchungaji aliligusia jambo hilo, akamgeukia bibi harusi akamwambia, "Wewe umeolewa na mwitiko mwenyewe, dada. Hutakosa jibu." Watu wakacheka, Ferista akainamisha uso ndani ya shela. Sasa mwitiko mwenyewe alikuwa ng'ambo, mgongo umeelekea nyumbani, analima kana kwamba upande huu wa bonde hakuna mtu.

Mambo yalianza mvua zilipokoma, mwezi wa tano. Siku ya kwanza Ferista aliita, akasubiri, akaita tena. Kimya. Chini mtoni kulikuwa na Abrahamu, jirani yao, mzee wa kabichi na vitunguu, mwimba besi wa kwaya tangu kwaya ilipoanzishwa. Abrahamu akaweka ndoo chini, akaupokea wito kama desturi inavyotaka: "Lwitiko! Unaitwa kwako!" Na Lwitiko, bila kuchelewa, akanyoosha mgongo, akaitika, "Eeee!"

Ferista alisikia jibu hilo likimfikia, akajua si lake.

Siku ya pili ikawa hivyo. Siku ya tatu hivyo. Ferista akiita, mume kimya. Abrahamu akiita, mume anaitika. Ingekuwa haitiki kabisa, Ferista angesema masikio yamekufa, akamwombea. Lakini huyu anasikia! Jioni akiwa amekaribia nyumbani, ukimwita anasikia. Alfajiri, ukungu bado umelala bondeni, akitoka kwenda shambani na Ferista akamkumbusha kwa kelele kwamba amesahau jembe dogo, anasikia na kurudi. Mchana tu, wito wa mke wake tu. Mtu anayesikia jioni, anasikia asubuhi, na anamsikia Abrahamu, huyo si kiziwi. Huyo ana lake moyoni.

Na Ferista alidhani analijua hilo lake. Ni koti. Wiki ile ile mvua zilipokoma, kaka yake Ferdinand alikuja kuwasalimu kutoka mji mdogo wa Mpemba, amevaa shati jepesi utadhani anakwenda mnadani, akafika anatetemeka. Ferista akampa koti la Lwitiko, lile la kijivu lenye tundu la moto mfukoni. Hakumuuliza mwenye koti. Lwitiko aliporudi alitazama msumari wa koti ukutani, hakusema neno, akala, akalala. Mwanamume wa huko asiposema neno, mke hulitafuta mwenyewe, na akilitafuta sana hulipata hata kama halikuwepo.

Basi akaamua. Jumamosi atapanda gari la Mpemba, atakaa kwa Ferdinand. Hakusema anaachana na mtu. Neno hilo lilikuwa kubwa mno mdomoni mwake. Alisema tu kwamba huko Mpemba atakuwa na watu wanaoitika wakiitwa. Alikunja vitenge vitatu, akaweka na Biblia, akavisukuma vyote chini ya kitanda.

Jumatano kabla ya Jumamosi hiyo, binti yao Goodness alikuja likizo. Goodness anafundisha fizikia sekondari moja ya Vwawa, na ana tabia ya walimu: akiona kitu chini ya kitanda lazima aulize. Usiku huo hakuuliza kitu mbele ya baba yake. Alhamisi asubuhi, baba alipokwisha kuvuka bonde, akamkalisha mama yake kwenye kigoda nje ya jiko, na Ferista akayamwaga yote: wito, Abrahamu, koti. Alipofika kwenye koti akalia, na kulia kukamkasirisha zaidi.

Goodness hakucheka, ingawa koti lilimjaribu. Aliuliza maswali ya ajabu. Jua likiwa limefunikwa na mawingu je? Ferista akakumbuka kwamba ndiyo, kulikuwa na siku mbili za wingu zito, na siku hizo Lwitiko aliitika. "Kwa kujisahau," akaongeza haraka.

"Mama," Goodness alisema, "hebu mtazame baba."

Ng'ambo, Lwitiko alikuwa akipasua gogo pembeni mwa shamba. Mbele ya macho yao shoka likashuka juu ya gogo, kimya kabisa. Likapanda tena, likafika juu ya kichwa chake, likaning'inia, ndipo "ko!" ikawafikia, kana kwamba amepiga hewa.

"Si umeona?"

"Nimeona miaka yote. Ni mwangwi."

"Si mwangwi. Ndiyo sauti yenyewe, inachelewa. Hesabu nami." Shoka likashuka. Goodness akatazama saa ya mkononi. "Sekunde mbili. Kila sekunde sauti inakwenda mita mia tatu na arobaini hivi. Kwa hiyo kutoka hapa mpaka kwa baba ni karibu mita mia saba. Sasa niambie, hapo katikati kuna nini?"

"Bonde."

"Ndani ya bonde?"

"Abrahamu na kabichi zake."

"Na hewa, mama."

"Haya, na hewa," Ferista alisema, kwa sauti ya mtu anayemvumilia mwalimu.

Goodness akavuta kigoda chake karibu. "Unakumbuka mlipojenga kanisa? Tanuri lilikuwa kule chini, kanisa huku juu. Mlisimama mstari, mkapokezana matofali. Nani alitembea?"

"Hakuna aliyetembea. Mimi nilisimama kati ya mama Rozi na shemeji yake kuanzia asubuhi mpaka jioni, miguu ikavimba."

"Lakini tofali lilifika juu. Ndivyo hewa inavyofanya. Ukiita, hewa ya mdomoni kwako haiendi mpaka kwa baba. Inamsukuma jirani yake kidogo, inarudi mahali pake. Jirani anamsukuma jirani. Kinachosafiri ni ule msukumo tu."

Ferista akaitazama ile nafasi tupu kati ya migongo miwili ya vilima, ambayo aliirushia jina la mumewe kwa miaka thelathini na minane. "Kumbe hewa nayo inapokea wito," alisema.

"Inapokea. Ila mchana inapokea vibaya. Jua likiwaka, hewa iliyo karibu na ardhi inapata moto kuliko iliyo juu, na hewa ya moto inapokezana upesi. Fikiria watu wanatembea bega kwa bega, wa upande mmoja wanakimbia, wa upande wa pili wanasuasua. Mstari wao si utapinda? Sauti yako nayo inapinda. Inaelekea juu, sehemu kubwa inapita juu ya kichwa cha baba inakwenda zake. Asubuhi kukiwa na baridi chini, inapinda kwenda chini, inamfikia vizuri. Siku za mawingu vilevile ina nafuu."

Yalikuwa maneno mazuri, na kwa dakika nzima Ferista aliyapenda. Kisha akili yake, ambayo haikuwahi kwenda sekondari lakini haikuwahi kulala pia, ikaamka.

"Miaka thelathini na minane jua halikuwako?"

Goodness akachukua kijiti, akachora mstari mavumbini, akaufuta kwa mguu. "Lilikuwako," alisema. "Siku zote kilichomfikia mchana kilikuwa kidogo. Zamani baba aliweza kukiokota."

"Na sasa?"

"Sasa nadhani hawezi. Mama, masikio yakizeeka hayafungi mlango wote kwa siku moja. Yanaanza kupoteza sauti nyembamba: za ndege, za watoto, za wanawake. Na sauti nyembamba ndiyo inayochoka mapema njiani. Yako ni nyembamba. Abrahamu ana besi, tena yuko nusu ya njia."

Ferista akasimama, kigoda kikaanguka. "Usinifundishe fizikia ya kumtetea baba yako!"

Alisema hivyo kwa hasira, na hasira ilikuwa ya kweli, lakini chini yake kulikuwa na hofu. Alikuwa amezoea kwa mwezi mzima kwamba mumewe ni mbaya. Ubaya una dawa: unamsemesha mtu, unamwitia wazee, unapanda gari la Mpemba ajute. Lakini Lwitiko kuzeeka? Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Aliinua kigoda, akakifuta vumbi, akakaa tena.

"Kama ni hivyo," alisema baadaye, "nitaona kwa macho yangu. Mimi nitavuka. Wewe utabaki hapa, na jua likifika utosini utamwita. Sauti yetu ni moja, watu wote wanasema."

"Sawa. Nitaita 'Baba!'"

"Baba haliendi. Kila mtu kule ni baba wa mtu. Ita jina lake."

Goodness akashika mdomo. Mwalimu wa fizikia, mwanamke wa miaka thelathini na mbili mwenye mshahara wa serikali, aliona haya kama mtoto. "Nimwite baba kwa jina? Bonde zima linasikia!"

"Ita," alisema Ferista, akijifunga kitenge kiunoni. "Kama anasikia, nitakuombea msamaha mimi mwenyewe. Na kama kweli hasikii, hatakuwa na la kusamehe."

Akashuka. Abrahamu alimwona akivuka mto akamsalimia, "Shikamoo mama Mwalimu," kwa utani, maana Abrahamu ndiye aliyekuwa mkubwa. Ferista akamwambia asiupokee wito wa leo upesi, amwachie Lwitiko nafasi. Abrahamu akataka kujua kulikoni. Ferista akamwambia ni mambo ya fizikia. Mzee akaona aibu kuuliza zaidi, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Kupanda kulimchukua muda mrefu kuliko alivyokumbuka. Mara ya mwisho alivuka wakati wa kupanda viazi, na magoti yalimwambia hivyo kila hatua. Alifika pembeni mwa shamba akihema, akasimama nyuma ya rundo la kuni ambalo Lwitiko alikuwa ameshalipanga. Mumewe alikuwa hatua kumi kutoka hapo, amempa mgongo, anafukua viazi kwa jembe dogo, anavitenga vidogo huku na vikubwa huku. Shati lake lilikuwa limeloa jasho katikati ya mabega. Ferista aliona kwamba shingo yake imekonda. Lini ilikonda? Alikula naye kila siku bila kuliona hilo.

Akatazama nyuma, kwao. Nyumba ilikuwa ndogo, na mbele yake kulikuwa na kitu chekundu kidogo, sweta la Goodness. Hakuwahi kuitazama nyumba yake kutoka upande huu saa hiyo ya mchana. Saa hiyo siku zote yeye ndiye alikuwa kile kitu kidogo.

Kisha wito ukaja.

Ulikuja mwembamba, umechakaa, umepungua njiani mpaka karibu kwisha, lakini ulikuja. "Lwitikooo..." Ferista aliusikia wazi kwa masikio yake. Ilikuwa sauti yake mwenyewe inayomjia, na kwa mara ya kwanza alijua inavyosikika huku.

Hakumtazama Goodness. Alimtazama mumewe. Alikuwa amesogea kidogo pembeni ya rundo ili auone uso wake, maana uso wa Lwitiko akikataa jambo aliujua: taya linakaza, jicho la kushoto linafinya. Aliungojea uso huo kwa moyo wote. Mungu amsamehe, aliutamani.

Lwitiko alichukua kiazi, akakipangusa udongo kwa kidole gumba, akakikagua kama kimeliwa na mdudu, akakiweka kwenye vikubwa. Taya lake lilikuwa limelegea. Macho yake yalikuwa matulivu. Haukuwa uso wa mtu aliyeitwa akakataa. Ulikuwa uso wa mtu ambaye hajaitwa.

"Lwitikooo..." ikaja tena. Lwitiko akanyoosha mgongo, akatazama jua, akakinga macho kwa kiganja, kisha akageuza kichwa akatazama upande wa nyumbani. Akatazama kwa muda. Midomo yake ikajibana kidogo, kama mtu anayengoja kitu ambacho ameshajizoesha kutokipata. Akainama tena kwenye viazi.

Ferista akaweka kiganja mdomoni.

Ndipo Abrahamu, aliyeshindwa kuvumilia kuona wito wa jirani unaanguka chini, akaupokea: "Lwitiko! Unaitwa kwako!" Sauti ilipanda kutoka mtoni nene kama ya ng'ombe dume. Lwitiko akaitika palepale, "Eeee!" Kisha akajisemea kwa sauti ya kawaida, akidhani yuko peke yake, "Asante, Abrahamu." Hakusema asante mke wangu. Hakujua kuna mke katika jambo hilo.

Ferista akatoka nyuma ya kuni. Alimwita, "Baba Goodness," akiwa umbali wa hatua tano, na hakugeuka. Akamgusa bega.

Lwitiko aliruka. "Mama Goodness! Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Eh?"

"Hakuna aliyekufa!" Akasogea karibu. "Umesikia kuitwa?"

"Nimesikia. Abrahamu ameniita sasa hivi."

"Kabla ya Abrahamu?"

Lwitiko akamtazama mdomo wakati akisema; Ferista aliliona hilo pia, na akagundua kwamba mumewe amekuwa akimtazama hivyo kwa muda mrefu. "Kabla ya Abrahamu kulikuwa kimya," alisema. "Siku hizi mchana ni kimya tu." Akaokota jembe lake dogo, akaanza kulikwangua udongo ambao haukuwepo. "Sikutaka kukuuliza. Nilisema moyoni, mke wangu amechoka kuita. Amemwachia Abrahamu. Miaka mingi, mtu anachoka. Huwezi kumuuliza mtu kwa nini umechoka nami."

"Mimi nilidhani ni koti."

"Eh?"

"Koti! Nililompa Ferdinand!"

"Koti gani?" alisema Lwitiko, na kwa jinsi alivyokunja uso akitafuta, ilionekana wazi kwamba hakuwahi kulikosa.

Ferista akacheka, kicheko kikageuka njiani, machozi yakatoka. Akamshika mumewe sikio la kulia kama anavyoshikwa mtoto mtundu, akalivuta karibu na mdomo wake, akamwambia humo humo, polepole, kwa sauti aliyoishusha chini iwezekanavyo: "Nimekuita kila siku. Sikukosa hata moja. Hulisikii tena jina lako nikikuita. Nami nimefunga mzigo niende kwa Ferdinand Jumamosi, kwa sababu hukuitika."

Upepo mdogo wa mchana ulikuwa ukipanda kutoka bondeni, ukichezea majani makavu ya viazi. Ferista aliona maneno yakimfikia mumewe kwa kuchelewa, kama lile shoka.

"Kila siku?" aliuliza.

Ferista akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi kimya?"

"Na wewe kimya."

"Siku ngapi?"

Ferista hakuhitaji kufikiri. "Thelathini na nne, ukitoa Jumapili na zile siku mbili za wingu."

Lwitiko akaweka jembe chini. Akavua kofia, akaipachika juu ya mpini. Akajipangusa mikono kwenye suruali, kwanza viganja, kisha migongo ya mikono, kama anavyofanya akiitwa mezani kwa mgeni. Akasogea mpaka ukingoni mwa shamba, mahali ambapo kilima kinaanza kushuka, akaelekeza uso nyumbani, kwenye ule uwanja mdogo ambapo mke wake alisimama siku zote hizo. Akaweka viganja mdomoni.

"Eeee!"

Bonde likaibeba. Ng'ambo, kile kitu chekundu kikasimama.

"Hiyo ya kwanza," alisema Lwitiko, bila kugeuka. Akavuta pumzi. "Eeee!"

"Baba Goodness, watu watasema umerukwa na akili."

Hakusikia, au alisikia. "Eeee!" Akahesabu kwa kidole. "Eeee!" Chini mtoni Abrahamu alisimama na ndoo zake mbili, akitazama huku, akitazama kule, hajui apokee nini, maana hakuna desturi inayosema ufanye nini mtu akiitika bila kuitwa. Wanawake waliokuwa wakipalilia maharage upande wa kanisa wakainua vichwa. Lwitiko hakuwajali. Aliitika mchana mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa pumzi kamili, hakufupisha hata mmoja, na kati ya mmoja na mwingine alingoja kidogo, kana kwamba alikuwa akiusikiliza wito wake kwanza.

Ferista alikaa juu ya tuta la viazi. Hakujaribu tena kumzuia. Alijua kwamba ipo siku inakuja ambapo hata asubuhi ya baridi haitamfikishia sauti yake, hata Abrahamu hatatosha, na siku hiyo itambidi avuke bonde kila mchana kwa magoti haya ili amguse bega. Atavuka. Alilisema hilo moyoni, na halikumtisha kama alivyodhani. Kila "Eeee!" iliyotoka aliipokea, akaiweka mahali pake: hii ya siku ile niliyochoma ugali kwa hasira, hii ya siku niliyokunja vitenge.

Sauti ya Lwitiko ilianza kukwaruza. Kisha ikakatika katikati, akakohoa, akainama akishika magoti. Ferista akamletea kibuyu cha maji kilichokuwa kivulini. Akanywa, mengine yakamwagika kidevuni, akarudisha kibuyu.

"Nimefika ngapi?" aliuliza kwa sauti iliyokauka.

Ferista alisogea, akaweka mdomo karibu na sikio lake. Alikuwa amehesabu zote, na alijua vizuri kwamba ni ishirini.

"Kumi na tisa," alisema.